Mlango wa Bisie: Historia ya Kumhakiki Mpitaji na Mzigo Wake

Kasiterite, yaani mawe yenye madini ya bati, ilianza kuchimbwa kwa mikono katika mlima wa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa kuwa gari halikuweza kufika huko, wapagazi waliteremsha mizigo kwa miguu hadi Njingala, kisha ikapelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe na kuichukua hadi Goma. Kwa muda mrefu njia hiyo ya msituni ilikuwa mikononi mwa brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, iliyowatoza wapitaji, na ambayo kwa hakika ilikuwa kundi la wanamgambo wa Mai-Mai lililopewa jina jipya bila kuchanganywa na vikosi vingine. Mwaka 2009 iliondolewa, nafasi yake ikashikwa na kikosi kilichokuwa na askari waliotoka kundi la waasi la CNDP, nao wakaendeleza utozaji uleule.

Ili kuuelewa utozaji huo, tuazime tofauti moja: wanaotengeneza programu za intaneti hutofautisha utambulisho, yaani kuthibitisha kwamba anayeingia ndiye anayedai kuwa, na idhini, yaani kuamua aruhusiwe kufanya nini akishaingia. Hitilafu nyingi huzuka pale la kwanza linapodhaniwa kuwa limekidhi la pili. Barieri, kama vizuizi vya njiani vinavyoitwa mashariki mwa Kongo, haikushughulika na lolote kati ya hayo, kwa sababu swali lake lilikuwa malipo tu, na jetoni, kikaratasi anachopewa aliyelipa, huonyesha kwamba mtu amelipa, si kwamba ana haki ya kupita.

Mwezi Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika mikoa ya Kivu zote mbili na Maniema, katazo lililodumu hadi Machi 2011, lakini ambalo halikuuzima uchimbaji wa siri. Ndipo ukaenea mfumo wa ITSCI wa kufuatilia madini, ambamo kila gunia hufungwa lebo yenye namba mgodini, mbele ya maafisa wa serikali, na namba hiyo huandikwa daftarini. Huko Rubaya, eneo jingine la uchimbaji wilayani Masisi, ulianza mwaka 2014. Udhaifu wake, ambao shirika la Global Witness liliueleza kwa kirefu mwaka 2022, haukuwa katika namba bali kwa mwenye kuzigawa, kwa kuwa lebo halali iliweza kufungwa kwenye gunia lililotoka mgodi usioruhusiwa, na daftari likabaki safi.

Bisie yenyewe ilikuwa imeshachukua njia nyingine: kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa kiwanda mwaka 2019, na wachimbaji wa mikono wakapoteza nafasi yao mlimani. Hata hivyo, Machi 2025, waasi wa M23 walipoukaribia mji wa Walikale, ambao baadaye waliuteka, kampuni ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi. Uzalishaji ulirejeshwa hatua kwa hatua Aprili, baada ya waasi kuondoka mjini.