Hiware Bazar: kijiji cha India chenye kupima maji mbele ya kupanda

Wengi wakisikia India, wanawaza miji mikubwa, filamu na dawa. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2011, zaidi ya watu milioni 830 wa inchi ile walikuwa wakaaji wa vijiji. Hiware Bazar iko kimoja cha vijiji hivyo, katika jimbo la Maharashtra, upande wa magharibi.

Shida yake kubwa ni mvua. Milima ya Ghats ya Magharibi inazuia mawingu yenye kutoka baharini, na kijiji kiko nyuma yake. Mvua inanyesha zaidi kati ya mwezi wa sita na wa tisa, karibu milimeta 400 tu kwa mwaka. Ukame wa 1972 ulileta njaa. Watu walikata miti ya vilima juu ya kuni, udongo ukasombwa, visima vikakauka. Pombe na ugomvi vikaingia, na familia zingine zikahamia mijini kutafuta kazi.

Mwaka wa 1989, wakaaji walichagua kijana mwenye masomo, Popatrao Pawar, kuwa sarpanch, ni kusema mkuu wa halmashauri ya kijiji. Kazi ilianza na mikono: watu walitoa nguvu zao bila malipo, ile tunaita kwetu salongo, wao wanasema shramdan. Walichimba mitaro kwa kukingama mteremko, wakajenga vizuizi kwenye vijito, wakapanda miti. Serikali ya jimbo ilisaidia na feza kupitia mpango wa vijiji vya mfano. Ginsi hiyo maji ya mvua hayakimbie tena. Yanaingia polepole udongoni na kulisha visima.

Mkutano wa kijiji, wanaouita gram sabha, uliweka sheria:

- kukata miti ovyo ni marufuku, na kuachilia mifugo vilimani vilevile;
- hakuna kuchimba visima virefu vya mashine kwa kunyweshea mashamba;
- hakuna kulima miwa wala ndizi, sababu vinakunywa maji mengi;
- hakuna kuuzisha udongo kwa watu wa inje.

Kila mwaka, kisha mvua, wanapima maji yaliyopatikana. Yanagawanywa kwanza kwa watu na mifugo, halafu kwa mashamba. Mwaka wa mvua kidogo, wanapunguza mashamba.

Hapo ndiyo penye uchungu: miwa inaleta feza, na mwenye shamba anapaswa kuiacha ili kisima cha jirani kisikauke. Lakini mboga, vitunguu na maziwa vilileta mapato, na familia zilizohama zilianza kurudi. Mwaka wa 2020, serikali ya India ilitangaza kumupa Pawar nishani ya Padma Shri.

Mvua ya Hiware Bazar bado iko kidogo. Chenye kubadilika ni ginsi watu wanaitumia, na siku wataacha kuheshimu sheria zao wenyewe, visima vitakauka tena.