Chuma cha Washana na Mpini wa Kwetu

Wana-Ugweno tukiulizwa habari za uhunzi, jibu letu ni moja: Washana. Ni haki yao. Mapokeo yanasema ukoo huo ndio uliotawala Ugweno kabla ya Wasuya, na Profesa Isaria Kimambo aliyaandika hayo katika kitabu chake cha historia ya Wapare cha mwaka 1969. Washana walikusanya mchanga wenye chuma vijitoni, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi. Hata Wachagga walinunua chuma kwetu.

Lakini chuma hakilimi peke yake, na katika kuisimulia historia hii tumeusahau mpini.

Jembe la zamani lilikuwa na mkia, si tundu. Ulitafutwa mti wenye kichwa kinene. Mkia ukapashwa moto hadi ukawa mwekundu, ukachoma njia yake wenyewe ndani ya kichwa hicho. Kila ulipolima, jembe lilizidi kuzama kwenye mpini.

Nyundo, shoka na jembe la tundu vina masharti mengine. Mti huchongwa kwa kufuata nyuzi zake, ukakaushwa taratibu kivulini au juu ya moshi wa jikoni, ndipo ukaingizwa na kubanwa kwa kabari. Mti mbichi husinyaa, kichwa cha nyundo kikachomoka. Kuiloweka kwenye maji ni dawa ya siku moja tu.

Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, bidhaa za chuma za viwandani zilizidi kuingia. Uyeyushaji ukafa, wahunzi wakageukia vyuma chakavu. Hata hivyo, jembe la dukani liliuzwa bila mpini, na hadi leo mara nyingi huuzwa hivyo. Kiwanda kilichukua kazi ya mhunzi. Kazi ya mchonga mipini kilituachia sisi. Mkole wa tambarare, mpera wa nyuma ya nyumba, shina la mbuni uliozeeka: mipini hiyo ndiyo iliyoshika majembe yaliyotusomesha.

Leo misitu ya Kindoroko na Minja ni hifadhi, na ni vema, maana ndiyo inayotunza chemchemi zetu. Huko tambarare miti inaishia kwenye mkaa. Vijana wananunua mipini ya mti laini, inavunjika kabla ya msimu kwisha. Sisi wahasibu tunaijua gharama ya namna hiyo: ni ndogo, inajirudia, na haiandikwi popote.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu itaanzisha kitalu cha miche ya miti ya mipini, ipandwe mipakani mwa mashamba yetu, na itawapa posho wazee wachache wanaojua kuchonga ili wawafundishe vijana wangali na nguvu.

Ndugu zetu mlio Dar es Salaam, Arusha, Moshi na kwingineko, tuchangie. Chuma tutaendelea kununua dukani. Mpini tuuoteshe nyumbani.