Lugha ya Mama Jukwaani: Molly Picon na Tamthilia ya Kiyidishi ya Wahamiaji nchini Marekani

Mwaka 1921 mwigizaji kijana aliyezaliwa New York na kulelewa Philadelphia alipanda meli pamoja na mumewe kuelekea Ulaya. Safari hiyo ilikwenda kinyume cha mkondo. Tangu 1881 Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa wakivuka bahari kuelekea Marekani, na kufikia 1924 zaidi ya milioni mbili walikuwa wamekwisha kuvuka. Molly Picon alikuwa mtoto wa wavukaji hao, naye alirudishwa kule walikotoka wazazi wake ili akajifunze kusema vizuri lugha yao. Mumewe, Jacob Kalich, mzaliwa wa Galicia aliyekuwa mwandishi na meneja wa maigizo, aliona kwamba mkewe alikuwa na sauti, wepesi wa mwili na mvuto, ila Kiyidishi chake kilikuwa cha mtoto wa Marekani. Mtu wa namna hiyo hakuweza kuwa nyota katika jukwaa la Kiyidishi la New York kabla ya kupita Vilna na Warsaw.

Tukio hili linagusa swali ambalo wataalamu wa sera ya lugha hulikwepa: je, sanaa ya jukwaani huhifadhi lugha, au huitumia tu iliyokwisha kuhifadhiwa na wengine? Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa Kiyidishi nchini Marekani, jibu la pili ndilo lililo karibu zaidi na ukweli, na kwamba maisha ya Picon yanalidhihirisha kuliko takwimu za wasemaji. Yeye alizaliwa ndani ya lugha hiyo, nusura aipoteze, akairejesha kwa juhudi, akapata utajiri na sifa kwayo, kisha akaishia kuigiza Wayahudi kwa Kiingereza.

Chumba cha maleba

Picon alizaliwa mwaka 1898. Baba yake alitoka Warsaw, na mama yake, Clara, alitoka eneo la karibu na Kiev. Baba hakukaa na familia. Mama akahamia Philadelphia na binti zake wawili na bibi yao, akawa mshonaji wa maleba katika ukumbi wa tamthilia za Kiyidishi. Kwa hiyo binti huyu hakuingia jukwaani kwa mlango wa mbele. Aliingia kupitia chumba cha nguo, mahali ambapo waigizaji hugombana, hufundishana na hujikwaa katika maneno yao kabla pazia halijafunguliwa. Akiwa na umri wa miaka mitano alishinda dola 5 katika shindano la watoto, na muda mfupi baadaye alikuwa akipewa nafasi za watoto katika michezo ya Kiyidishi ya mjini humo.

Philadelphia ilikuwa mji wa pembezoni katika ulimwengu huo. Kitovu kilikuwa New York, hasa mtaa wa Second Avenue, ambako chama cha waigizaji wa Kiyidishi kilidhibiti kwa ukali nani aingie katika kumbi kubwa. Vikundi vya mikoani viliishi kwa kuazima, yaani michezo iliyochakaa New York na nyota wanaopita kwa juma moja, huku nafasi ndogo zikijazwa na wenyeji. Mtoto aliyekulia katika kikundi kama hicho alijifunza kuigiza chochote anachopewa. Lakini nje ya ukumbi kulikuwa na shule, na shuleni lugha ilikuwa Kiingereza. Picon aliacha shule ya sekondari na kuingia katika vodevili, yaani maonyesho mchanganyiko ya nyimbo, dansi na vichekesho, ambayo nayo yalikuwa ya Kiingereza. Alipokutana na Kalich mjini Boston, katika majira ya homa kuu ya mafua ya 1918, Kiyidishi chake kilikuwa kile cha jikoni kwa bibi. Walioana mwaka 1919.

Hakuna ajabu katika hali hiyo. Watafiti wa lugha za wahamiaji wameieleza mara nyingi: kizazi cha kwanza husema, cha pili huelewa, cha tatu hukumbuka methali chache na majina ya vyakula. Ajabu ni kwamba hali hiyo ilimfika mtu aliyekulia ndani kabisa ya asasi iliyodhaniwa kuwa ngome ya lugha yenyewe. Ikiwa binti wa mshonaji wa maleba hakuipata lugha kamili ukumbini, watoto wa watazamaji waliokuja siku ya Jumamosi peke yake wangeipataje?

Kiyidishi kipi?

Ili kuelewa kilichomlazimu Picon kusafiri, inafaa kueleza hali ya lugha yenyewe. Tamthilia ya kulipia ya Kiyidishi ilianza mwaka 1876 katika mji wa Iași, Romania, chini ya Abraham Goldfaden. Kwa miaka mingi wafalme na mashujaa wa jukwaa hilo walisema Kiyidishi kilichopakwa Kijerumani, kwa kuamini kwamba lugha ya nyumbani haina heshima ya kubeba mambo makubwa. Baadaye, jukwaa lilipoanza kuiheshimu lugha ya watu, yalizoeleka matamshi ya pamoja yaliyojengwa juu ya lahaja ya Volhynia, huko Ukraine. Wanataaluma walishika njia nyingine. Taasisi ya YIVO, iliyoanzishwa Vilna mwaka 1925, iliyaegemeza matamshi sanifu zaidi kwenye lahaja ya kaskazini, na kanuni za tahajia zilizohusishwa nayo zikatoka mwaka 1937. Lugha moja ikawa na usanifu wa aina mbili, mmoja wa kalamu na mwingine wa jukwaa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kukumbuka mkutano wa Mombasa wa 1928, ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na malalamiko ya wapenzi wa Kimvita yaliyoufuata. Tofauti kubwa ni kwamba usanifishaji wa Kiswahili ulikuwa na serikali, shule na mitihani nyuma yake. Kiyidishi hakikuwa na dola. Mkutano wa Czernowitz wa 1908 ulikitangaza kuwa lugha ya taifa ya Wayahudi, mojawapo na si ya pekee, lakini tamko halikuja na bajeti. Katika pengo hilo ukumbi wa maonyesho ulibeba kazi ambayo kwingine ingefanywa na wizara ya elimu.

Ndiyo maana Kalich alimpeleka mkewe kwenye hadhira ambazo zingemsahihisha. Kwa takriban miaka mitatu walizunguka Paris, Vienna, Warsaw, Vilna, Bucharest na miji mingine. Picon aliigiza hasa Yankele, kijana mtundu wa chuo cha dini, katika mchezo alioandikiwa na mumewe. Kimo chake kilikuwa karibu mita moja na nusu, hivyo suruali na kofia vilimkaa bila kulazimisha. Kiyidishi alikipokea kwa watazamaji wa Ulaya, nao walipewa pinduapindua na kasi ya vodevili ya Marekani. Nafasi hiyo ya Yankele aliicheza zaidi ya mara 3,000 katika maisha yake. Aliporejea New York alipokelewa Second Avenue kama nyota kutoka ng'ambo, ilhali alikuwa mzaliwa wa mji huohuo.

Sheria ya 1924 na siku za katikati ya juma

Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyoweka kikomo cha asilimia 2 ya idadi ya watu wa kila taifa waliohesabiwa Marekani mwaka 1890, yaani kabla ya wimbi kubwa la Ulaya ya Mashariki kufika. Wahusika walielewa mara moja kwamba mlango umefungwa. Kilichochelewa kueleweka ni athari yake kwa jukwaa, kwa sababu miaka iliyofuata ndiyo iliyoonekana kuwa ya neema. Picon alijaza ukumbi wa Second Avenue kwa opereta nyepesi msimu baada ya msimu, na mwaka 1931 ukumbi mmoja wa New York ukapewa jina lake.

Wahakiki walioheshimu tamthilia nzito, kama zile za Yiddish Art Theatre iliyoanzishwa na Maurice Schwartz mwaka 1918, waliziita kazi nyepesi za namna hii *shund*, yaani takataka. Hukumu hiyo inahitaji kupunguzwa makali. Njama za michezo ya Picon zilikuwa dhaifu kweli: yatima hupata mchumba, msichana huvaa suruali, harusi hufanyika katika tendo la mwisho. Hata hivyo, mzaha hudai umahiri wa lugha kuliko msiba. Mtazamaji anaweza kulia bila kuelewa kila neno, lakini hawezi kucheka fumbo asilolijua. Kicheko ndicho kipimo kikali zaidi cha uelewa wa hadhira, na kilipopungua, wenye kumbi waliongeza Kiingereza.

Uchumi wa kumbi unaeleza mengine. Tiketi za mwisho wa juma ziliuzwa kwa umma, ila maonyesho ya katikati ya juma yaliuzwa kwa bei nafuu na kwa jumla kwa vyama vya hisani, hasa vyama vya watu waliotoka mji mmoja wa Ulaya. Vyama hivyo vilifanana sana na vyama vya kufa na kuzikana vya Afrika Mashariki, kwani vilisaidia wagonjwa, vilinunua viwanja vya makaburi na viliuza tiketi kwa wanachama ili kujaza mfuko. Chama cha namna hiyo huishi kwa kupata wageni wapya kutoka mji wa asili. Baada ya 1924 wageni hawakuja, wanachama wakazeeka, na jukwaa likazeeka pamoja nao. Watoto wao walielewa, walipiga makofi, na hawakununua tiketi.

Sera yoyote inayotegemea tamasha na siku za maadhimisho kudumisha lugha ughaibuni, pamoja na Kiswahili kinachosemwa leo na familia za Wakongo zilizopewa makazi Marekani, ina la kutazama katika hesabu hiyo ya tiketi.

Kazimierz Dolny, 1936

Picon mwenyewe aliifuata hadhira ilikokuwa. Katika miaka ya 1930 aliigiza Argentina na Afrika Kusini, palipokuwa na jamii za wahamiaji wa Kiyidishi, na alirejea Poland kutengeneza filamu mbili chini ya Joseph Green: *Yidl mitn Fidl* mwaka 1936 na *Mamele* mwaka 1938. Sehemu ya ile ya kwanza ilipigwa katika mji mdogo wa Kazimierz Dolny, na wakazi wa mji walishiriki katika onyesho la harusi. Humo Picon ni msichana aliyejivika uvulana ili azunguke na babake kama mwanamuziki. Nyuso za wanamji zinaonekana vizuri. Miaka michache baadaye wengi wa Wayahudi wa mji huo walikuwa wameuawa. Kabla ya vita Kiyidishi kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10 duniani, na wengi wa Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi walikuwa wasemaji wake. Shule aliyopelekwa Picon mwaka 1921 haikuwapo tena.

Mwaka 1946 yeye na Kalich walikuwa miongoni mwa wasanii wa kwanza kuzuru kambi za manusura Ulaya. Walibeba peremende kwa watoto, na vipodozi na mapambo kwa wanawake. Waliigiza kwa Kiyidishi, na hapo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Yente

Nusu ya pili ya kazi yake ilikuwa zaidi ya Kiingereza. Tangu 1940 alikwisha kuigiza Broadway katika *Morning Star*, mchezo wa Kiingereza kuhusu familia ya wahamiaji. Mwaka 1961 aliimba katika *Milk and Honey*, mchezo wa muziki unaotukia Israeli, nchi iliyokuwa imechagua Kiebrania. Mwaka 1971 akawa Yente, mshenga katika filamu ya *Fiddler on the Roof*, na kwa mamilioni ya watazamaji hiyo ndiyo sura pekee wanayomjua nayo. Yente husema Kiingereza chenye mwinuko na mshuko wa sauti wa Kiyidishi. Lafudhi ndiyo iliyobaki, nayo ikawa maleba. Picon alifariki mwaka 1992 huko Pennsylvania, katika jimbo lilelile alikoanzia.

Mwaka 2018 kikundi cha Folksbiene cha New York, kilichoanzishwa 1915, kilikiigiza kisa hicho kwa Kiyidishi, kwa tafsiri iliyofanywa Israeli katika miaka ya 1960. Mchezo ulipendwa na baadaye ukahamishiwa ukumbi mkubwa zaidi. Waigizaji wengi hawakuijua lugha walipoanza mazoezi, hivyo walifundishwa mistari yao sauti kwa sauti, na hadhira ilifuata kwa kusoma maandishi ya Kiingereza na Kirusi yaliyoonyeshwa kando ya jukwaa.