Ziara ya mafunzo katika shule za sekondari Tanzania

Ziara ya mafunzo ni safari ya wanafunzi na walimu wao kwenda nje ya shule kuona kwa macho jambo lililomo kwenye muhtasari wa somo. Walimu huiita pia safari ya kimasomo, na wanafunzi wengi huiita stadi tua. Inaweza kuwa ya nusu siku kwenda kiwanda cha jirani, au ya siku kadhaa kutoka Mwanza hadi Ngorongoro kwa kupitia Serengeti. Tofauti yake na matembezi ni kazi anayopewa mwanafunzi: huondoka na maswali na kurudi na maelezo aliyoyaandika mwenyewe, ambayo mwalimu atayasahihisha kama anavyosahihisha zoezi la darasani.

Asili yake

Kwa miaka mingi sekondari za Tanzania hazikuihitaji sana ziara ya mafunzo, kwa sababu kwenda shule kwenyewe kulikuwa safari. Shule zilikuwa chache na zilikuwa mbali. Tabora, iliyoanzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ilipokea vijana kutoka pembe zote za Tanganyika. Julius Nyerere alifika hapo mwaka 1937 akitokea upande wa Musoma. Baada ya uhuru serikali iliendeleza desturi hiyo kwa makusudi. Kijana wa Bukoba alipangiwa Songea, wa Lindi akapangiwa Moshi, ili watoto wa makabila mbalimbali wale sahani moja. Mwanafunzi alipewa waranti ya kusafiria, akabeba tranka lake la bati, akapanda meli, treni au basi. Aliyelala stesheni ya Tabora akisubiri behewa la Mwanza alijua maana ya makutano ya reli kabla mwalimu wa jiografia hajaichora ubaoni. Akifika bwenini alikuta kitanda cha dabo deka, na wa kitanda cha juu alikuwa mtu ambaye lugha ya kwao hajawahi kuisikia.

Mambo yalibadilika kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004. Kila kata ilitakiwa iwe na sekondari yake. Wananchi walichimba misingi, wakafyatua matofali, wakasomba mchanga, na katika miaka michache shule za kata zikaenea nchi nzima. Nyingi ni za kutwa. Watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba, wasichana wakiwa wengi miongoni mwao, walipata kidato cha kwanza. Hilo ni jambo kubwa na jema. Ila lilikuwa na upande wa pili ambao haukuzungumzwa sana: shule ya kata ilimsogezea mtoto darasa, ikamwondolea safari. Leo mwanafunzi anaweza kuanza kidato cha kwanza, akafanya upimaji wa kidato cha pili, akamaliza kidato cha nne Novemba, bila kuvuka mpaka wa wilaya yake hata mara moja. Kwa mtoto huyu ziara ya mafunzo si anasa.

Mfano wa Kaole

Ziara inayofanywa na shule nyingi za Dar es Salaam na Pwani ni ya Bagamoyo, mji ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Somo la historia la kidato cha kwanza limezoeleka kuanza na vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, akiolojia, nyaraka, makumbusho na maeneo ya kale. Darasani hayo ni maneno ya kukariri. Bagamoyo yote yanapatikana kwa siku moja.

Basi huondoka alfajiri. Mwalimu wa zamu huhesabu vichwa mlangoni, matroni hukagua sare, na ndoo ya maandazi hupita mkononi hadi kiti cha nyuma. Nyimbo huanza kabla basi halijafika barabara kuu. Kituo cha kwanza huwa magofu ya Kaole, kusini kidogo mwa mji, mahali palipokuwa na makazi ya Waswahili tangu karne ya 13. Kuna misikiti miwili iliyobaki kuta, makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kisima cha maji matamu kilicho karibu na bahari. Juu ya baadhi ya makaburi zimesimama nguzo. Mwanafunzi akinyanyua shingo huona vishimo vya mviringo kwenye nguzo hizo. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, na vyombo vya namna hiyo anaweza kuviona ndani ya makumbusho ndogo iliyo hapo hapo. Biashara ya Bahari ya Hindi, ambayo kitabuni ni mishale iliyochorwa juu ya ramani, hapa ni tundu lenye ukubwa wa bakuli la uji.

Mchana ni zamu ya mjini. Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianzishwa mwaka 1868. Februari 1874 maiti ya mmisionari David Livingstone ililazwa hapo baada ya kubebwa kwa miguu na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Si mbali na hapo kuna majengo ya Wajerumani, waliofanya mji huo makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Misafara ya pembe na ya watumwa, umisionari, ukoloni: mada zinazochukua zaidi ya mwaka mmoja kufundishwa zinapatikana ndani ya mwendo wa miguu wa mchana mmoja.

Jambo lenye uzito kuliko yote katika ziara hii ni la lugha. Sekondari ya Tanzania hufundisha karibu masomo yote kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akiwa kama bubu. Anaogopa kuuliza kwa sababu hana maneno. Kaole mwongoza wageni huongea Kiswahili. Ghafla mikono inanyooshwa. Kwa nini maji ya kisima hayana chumvi? Nani alizikwa hapa? Mbona msikiti umebomoka? Mwanafunzi aliyenyamaza tangu Januari anauliza maswali matatu mfululizo, na mwalimu wake anagundua kwamba hakuwa mzito wa akili. Walimu makini huyaandika maswali hayo, kisha wiki inayofuata huyageuza pamoja na darasa kuwa aya za Kiingereza, kwa sababu mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania utaulizwa kwa lugha hiyo. Ziara isiyofuatwa na kipindi cha kuandika ni nusu ya ziara. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na kwa somo hilo mwongoza wageni na mwalimu wanasema lugha moja.

Maeneo mengine

Kila kanda ina hazina yake. Shule ya Iringa inaweza kwenda asubuhi Isimila, penye zana za mawe na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na mchana ikafika Kalenga, lilipohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Shule za Arusha na Manyara huenda Olduvai, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey aliokota fuvu la zamadamu Zinjanthropus Julai 17, 1959. Kondoa kuna michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mbozi kuna kimondo. Mikumi, hifadhi tangu 1964, inakatwa na barabara kuu ya kwenda Zambia, hivyo hata mwanafunzi anayepita kwa basi la abiria huona twiga na pundamilia kwa nauli yake. Wa bara huvuka pia kwenda Mji Mkongwe wa Unguja, ingawa jumba la Beit-al-Ajaib, lililokuwa kivutio cha kwanza cha wageni wengi, liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020.

Dodoma ina ziara ya aina yake. Wanafunzi wanaosoma uraia huingia Bungeni na kuketi kwenye jukwaa la wageni. Baada ya maswali na majibu, Spika husoma orodha ya wageni na kutaja jina la shule na idadi ya wanafunzi waliokuja kujifunza namna Bunge linavyofanya kazi. Hao husimama na sare zao, na wabunge huwapokea kwa makofi. Tangazo hilo huingia kwenye taarifa rasmi za Bunge, kwa hiyo shule ya kata ambayo haijawahi kuandikwa gazetini inabaki na jina lake katika kumbukumbu za nchi. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, imefanya safari kutoka Dar es Salaam iwe ya saa nne hivi.

Maonesho ya Saba Saba na ya Nane Nane hutumiwa sana na shule zisizo na fedha, na ni chaguo zuri kuliko linavyodhaniwa: mwanafunzi wa kilimo au wa biashara hukutana ana kwa ana na watafiti, wafugaji na watengenezaji wa mashine, wote uwanja mmoja.

Klabu na mashindano

Si kila mwanafunzi husafiri na darasa lake. Wengi hupata safari yao ya kwanza kupitia klabu au michezo. UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, huanzia shuleni, hupanda wilaya na mkoa, na kuishia kwenye kambi ya taifa. Mcheza netiboli kutoka Rukwa hujikuta Mtwara au Tabora akiwa na jezi ya mkoa mgongoni.

Klabu za Malihai, zilizoanza mwaka 1980, huwafundisha wanafunzi uhifadhi wa wanyamapori. Kenya walitangulia kwa klabu za namna hiyo mwaka 1968. Mfano mkubwa zaidi ni wa Roots & Shoots. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana kwenye baraza ya nyumba ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall jijini Dar es Salaam, wakiwa na wasiwasi juu ya mazingira yao. Kutokana na mazungumzo hayo kikazaliwa chama cha vijana kilichoenea makumi ya nchi. Watanzania wachache wanajua kwamba vuguvugu hilo lilianzia kwa watoto wao.

Kwa wenye mwelekeo wa sayansi kuna Young Scientists Tanzania, iliyoasisiwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland. Wanafunzi hufanya utafiti kuhusu tatizo la kijijini kwao na kuueleza mbele ya majaji jijini Dar es Salaam, na kuna washindi waliosafiri hadi Dublin. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC nazo huendesha mashindano ya insha kwa shule za sekondari. Kalamu na karatasi zinatosha kuyaingia, na bado shule nyingi hazijaribu kwa sababu tangazo huishia kwenye meza ya ofisi. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimama mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Kwa waliosoma karibu na nyumbani, hapo ndipo wanapolala kwa mara ya kwanza bweni moja na vijana wa mikoa yote, kama babu zao walivyolala na tranka zao Tabora.

Gharama na usalama

Ada ya sekondari hadi kidato cha nne, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, iliondolewa Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka 2022. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima. Familia nyingi zilipata nafuu. Kwa upande wa ziara, wakuu wa shule wakawa waangalifu hata kutaja fedha za basi, na matokeo yake ni mgawanyiko unaoonekana wazi: shule binafsi huandika safari kwenye kalenda ya mwaka, shule ya kata hungoja mfadhili. Hata pale wazazi wanapokubaliana kuchanga kwa hiari, hubaki watoto kumi au kumi na tano ambao kwao hakuna cha kuchanga. Wanabaki shuleni siku hiyo wakifagia uwanja. Hakuna jambo katika ziara linaloumiza kuliko hilo, maana wenzao wakirudi huzungumzia Kaole wiki nzima.

Usalama wa barabarani hauna mjadala. Mei 6, 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi ya Arusha waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema lilitumbukia korongoni Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Shule inayopanga safari ikaguliwe basi lake na polisi wa usalama barabarani, idadi ya abiria isizidi viti, fomu za ridhaa za wazazi zikusanywe mapema, na ratiba ipangwe ili basi lirudi kabla ya giza.

Ziara ya bei nafuu kuliko zote haihitaji basi. Karibu kila kata ina mzee anayekumbuka enzi za mkonge, za vijiji vya Ujamaa au za vita vya Kagera, na mwendo wa nusu saa kwa miguu hulifikisha darasa zima barazani kwake, bila mtoto hata mmoja kuachwa. Mzazi au mhitimu anayesoma makala hii, ukiletewa barua ya ziara kutoka shule ya kata yako, ulizia kwanza ni wanafunzi wangapi wamekosa nauli, ukamlipie mmoja wao.