Kocha wa Dola Moja kwa Mwaka

Rod Dedeaux aliinoa timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Southern California, USC, kwa misimu 45, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mshahara wake ulikuwa dola moja kwa mwaka. Riziki yake ilitoka kwenye malori. Kampuni ya usafirishaji aliyoianzisha miaka ya 1930 kwa mtaji wa dola 500 ilikua ikampa utajiri ambao michezo ya vyuo isingempa kamwe. Wanaomsimulia hupenda kuanza na mataji yake 11 ya ubingwa wa taifa. Mimi naanza na malori, maana kocha asiyetegemea mshahara hatishwi na msimu mbaya.

Alizaliwa New Orleans Februari 1914, akakulia Los Angeles, akaichezea USC katika nafasi ya ulinzi kati ya besi ya pili na ya tatu. Mwaka 1935 alisajiliwa na Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu iliyokuwa chini ya Casey Stengel. Alicheza mechi mbili tu. Alishika gongo mara 4, akapata mpigo mmoja safi na kumwezesha mwenzake mmoja kufunga. Baadaye akiwa katika ligi za chini aliumia mgongo, na safari yake ya uchezaji ikaishia hapo. Stengel, aliyekuja kuwa meneja maarufu wa New York Yankees, alibaki rafiki yake mpaka kifo.

Besiboli haijaota mizizi kwetu, ingawa Waganda wana la kujivunia: mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kuugonga mpira kwa gongo kisha kukimbia. Anayezunguka besi zote akarudi alipoanzia ameipatia timu yake alama. Timu hupiga kwa zamu, kila moja mpaka wachezaji wake watatu watolewe, na zamu ni 9. Hakuna saa wala kipenga cha mwisho. Timu iliyo nyuma kwa alama 7 bado imo mchezoni, mradi haijatolewa mtu wa tatu katika zamu ya tisa.

Ukocha ulimjia kwa sababu ya vita. Mwaka 1942 kocha Sam Barry alijiunga na jeshi la majini, na Dedeaux akashika nafasi yake. Barry aliporudi, wawili hao waliongoza pamoja, na mwaka 1948 wakatwaa taji la kwanza la USC huko Kalamazoo, Michigan, mbele ya Yale. Nahodha wa Yale alikuwa George H. W. Bush, rais wa baadaye. Mechi ya kwanza iliisha kwa tukio la nadra: Yale wamejaza besi zote, hawajatolewa hata mmoja, kisha mpira mmoja ukawatoa watatu kwa mkupuo. Bush alikuwa amesimama na gongo lake akingoja zamu ambayo haikumfikia. Barry alifariki mwaka 1950, na kuanzia hapo timu ikawa ya Dedeaux peke yake.

Wachezaji wote aliwaita “Tiger”, awe nyota au mgeni wa juzi. Aliwafundisha kwamba kosa halirudiwi, na lililo bora ni kutolifanya hata mara ya kwanza. Mataji yalikuja 1958, 1961, 1963 na 1968, kisha matano mfululizo kuanzia 1970 hadi 1974.

Lililo gumu kuliko yote lilikuwa la 1973. Katika nusu fainali mjini Omaha, Nebraska, mrushaji wa Minnesota alikuwa Dave Winfield, kijana mwenye kimo cha karibu mita mbili. Kwa zamu 8 aliwatoa wapigaji 15 kwa kuwakosesha mpira mara tatu tatu, na USC hawakuwa na alama hata moja. Minnesota walikuwa na 7. Zamu ya tisa ilianza kwa mpigo mmoja, ukafuata uamuzi wa mwamuzi uliozua ubishi, halafu ukuta ukaanza kubomoka. Winfield alikuwa amechoka. Kocha wake akamwondoa kwenye urushaji akampeleka kulinda upande wa kushoto wa uwanja, na kutoka kule aliwatazama waliompokea wakishindwa kuzima moto. USC walifunga 8 wakashinda 8–7. Katika fainali waliifunga Arizona State 4–3. Winfield ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mashindano, na sioni ubaya wowote katika uamuzi huo.

Jicho la Dedeaux la kutambua vipaji linasimuliwa sana, lakini kisa cha Tom Seaver chafaa zaidi kuonyesha jinsi alivyofanya kazi. Seaver alikuwa mrushaji wa chuo kidogo cha Fresno. Kabla ya kumpa ufadhili, Dedeaux alimpeleka Alaska kiangazi kimoja, acheze na Goldpanners wa Fairbanks, aonekane kama ana uwezo. Alirudi amefaulu, na baada ya USC akawa miongoni mwa warushaji wakubwa wa karne yake.

Nje ya Marekani, Japani ndiko alikopendwa zaidi. Aliongoza timu ya Marekani katika mechi ya maonyesho ya Olimpiki ya Tokyo 1964, na mwaka 1972 alishiriki kuanzisha mashindano ya vyuo ya nchi hizo mbili. Mwaka 1984 Olimpiki zilipofanyika Los Angeles, mjini kwake, timu yake ilikuwa na nyota wa baadaye Mark McGwire, Will Clark na Barry Larkin, na bado ikalala 6–3 mbele ya Japani katika fainali.

Wasifu mwingi wa Dedeaux hukipita haraka kipindi chake cha mwisho. Taji lake la mwisho ni la 1978; baada ya hapo hakurudi tena kwenye mashindano ya Omaha, hata katika misimu aliyokuwa na McGwire na mrushaji Randy Johnson kwa pamoja. Idadi ya ufadhili wa masomo ilikuwa imewekewa kikomo, na kikomo hicho kilikiumiza zaidi chuo cha binafsi chenye ada kubwa. Karibu naye, katika chuo cha umma cha Cal State Fullerton, Augie Garrido alitwaa mataji ya 1979 na 1984.

Dedeaux aliondoka mwaka 1986 na ushindi 1,332, rekodi ya wakati ule, na akafariki Januari 2006. Timu alimwachia Mike Gillespie, aliyekuwa mchezaji wake katika kikosi cha ubingwa cha 1961. Gillespie alisubiri mpaka 1998 ndipo akalitwaa taji la 12 la USC, kwa kuifunga Arizona State 21–14.