Mzazi, Mkunga na Staha: Habari za Kujifungua katika Nchi ya Maramba

“Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.” Mithali hii husemwa na watu wengi, nao hudhani kuwa mzazi ni baba au mama ye yote. Lakini katika Kiswahili cha kale mzazi ni hasa mwanamke aliyejifungua, ambaye angali yumo ndani akitunzwa. Na neno hilo kujifungua lastahili kutazamwa. Hatusemi kuwa mwanamke amefunguliwa. Twasema amejifungua, yaani tendo ni lake mwenyewe. Je, katika nchi hizi tendo hilo lilikuwa lake kweli?

Maramba ipo chini ya milima ya Usambara ya mashariki, mahali wakutanapo Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa. Hapo kale mwanamke hakuandika matakwa yake. Aliyaweka katika sikio la mkunga. Mkunga alitafutwa mapema, naye alikuwa mtu ajulikanaye, aliyemzalisha pengine mama yake huyo mja mzito. Yeye alijua ni nani aingie chumbani na nani akae nje, ni nani amshike mzazi mgongo, na kondo ya nyuma izikwe wapi. Baadaye mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji, akapumzishwa hata zitimie siku arobaini. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa 1903, alianza na habari za mtoto kuzaliwa; maana huo ndio mlango wa desturi zote.

Walakini tusiyasifu ya kale kupita kiasi. Mtoto akikwama, au damu ikimwagika pasipo kukoma, mkunga hakuwa na la kufanya. Tena sauti ya ukoo iliishinda sauti ya mama. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi, na desturi ilitaka auawe. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na misheni ya Magila, asimulia kuwa Mbegha wa Nguu alikuwa kigego, lakini wazazi wake walimpenda wakamhifadhi. Walipokufa, jamaa zake walimnyima urithi. Ndiye aliyehamia Usambara, na kizazi chake kikatawala huko. Hivyo ufalme wa Wakilindi watokana na wazazi wawili waliokataa kutii desturi juu ya mtoto wao.

Kisha zikaja hospitali, nazo zilileta yale ambayo mkunga hakuwa nayo: upasuaji, damu na dawa. Tangu 1974 serikali ilieneza huduma za mama na mtoto hata vijijini. Faida yake ni kubwa, wala haifai kuibeza. Lakini mara nyingi mwanamke aliingia chumbani peke yake, mama na shangazi zake wakibaki nje, na waliomzalisha hawakumjua jina.

Katika 2011 na 2012 wataalamu waliwauliza wanawake wa Korogwe na Muheza, wilaya ambayo Maramba ilikuwa sehemu yake kabla ya Mkinga kuundwa. Walipokuwa wakitoka hospitali, yapata 19 katika 100 walisema walikaripiwa, au waliachwa bila msaada, au walitendwa isivyofaa kwa namna nyingine. Walipoulizwa baadaye nyumbani, walifikia 28. Maana mtu hunena kwa uhuru zaidi akiwa kwake. Kazi hiyo iliitwa Staha. Wenyeji na wauguzi wakaketi pamoja, wakafanya mapatano juu ya haki na wajibu wa kila upande, na matendo hayo yakapungua sana.

Katika 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mzazi awe na mwenzi amchaguaye mwenyewe, aelezwe yatendwayo, mtoto awekwe kifuani pake, naye anyonye katika saa ya kwanza. Mwenye kusoma maneno haya atatambua mengi aliyoyajua mkunga.

Basi mwanamke wa leo aandikaye matakwa yake kabla ya kwenda hospitali haleti jambo geni. Anaandika kwenye karatasi yale ambayo bibi yake alimnong’oneza mkunga. Na mganga akiyasoma, hapotezi ujuzi wake. Aongeza staha, na staha ni heshima pamoja na sitara. Hapo ndipo neno kujifungua litakapokuwa kweli.