Ziara ya basi nchini Ireland: Mandhari ya kuvutia, historia chungu

NCHI ya Ireland ni miongoni mwa mataifa machache ambayo mgeni anaweza kuyazunguka kwa basi moja, kwa muda wa wiki moja hivi, na kurejea alikoanzia akiwa ameiona bahari, milima, maziwa na magofu ya kale.

Kwa Wakenya wengi jina la nchi hiyo si geni. Masista wa Loreto, shirika lenye mizizi yake Ireland, waliwasili nchini mwaka wa 1921, na shule walizoanzisha zingali zinafahamika kote. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kisiwa chenyewe kilivyo.

Ukubwa wa kisiwa hicho ni takriban kilomita 84,000 za mraba, kumaanisha kwamba Kenya inakizidi karibu mara saba. Sehemu kubwa ni Jamhuri ya Ireland, ambayo mji wake mkuu ni Dublin. Pembe ya kaskazini mashariki, iitwayo Ireland Kaskazini, ni sehemu ya ufalme wa Uingereza.

Ziara za basi huuzwa na makampuni mengi na hufanana kwa mpangilio. Abiria hulipia usafiri, malazi, kiamshakinywa na baadhi ya viingilio kwa pamoja. Mara nyingi dereva ndiye pia mwelekezi, akisimulia kwa kipaza sauti huku mikono i kwenye usukani. Ziara nyingine huwa na mwelekezi wa pekee aliyepewa mafunzo na kutambuliwa na Fáilte Ireland, mamlaka ya serikali inayosimamia ustawi wa utalii.

Njia iliyozoeleka huanzia Dublin na kuvuka nchi kuelekea Galway, pwani ya magharibi, mwendo wa takriban kilomita 200. Kutoka hapo basi hugeukia kusini na kupita Burren, eneo pana la mawe ya chokaa yaliyo wazi kama sakafu. Baadaye hufika kwenye majabali ya Moher, yanayosimama wima juu ya bahari ya Atlantiki kwa urefu unaofikia mita 214.

Mto Shannon, ambao ndio mrefu zaidi nchini humo, huvukwa kwa feri kutoka Killimer hadi Tarbert kwa dakika 20 hivi. Ng'ambo ya pili ni kaunti ya Kerry, penye mji wa Killarney na mbuga ya kwanza ya kitaifa ya Ireland, iliyoanzishwa mwaka wa 1932.

Sheria za barabarani

Magari ya Ireland hupita upande wa kushoto kama ilivyo nchini Kenya. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, dereva wa basi la watalii haruhusiwi kuendesha kwa zaidi ya saa nne na nusu bila mapumziko ya jumla ya dakika 45. Kwa kawaida hapaswi kupitisha saa tisa usukanini kwa siku. Kifaa maalumu ndani ya basi hunakili mwendo wake wote, na polisi wanaweza kukikagua.

Barabara maarufu zaidi ni ile inayoizunguka rasi ya Iveragh, ijulikanayo kama Ring of Kerry, yenye urefu wa kilomita 179. Kwa kuwa ni nyembamba na ina kona nyingi, mabasi makubwa yana desturi ya kuizunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, yakianzia Killarney kupitia Killorglin na kurejea kupitia Kenmare, ili yasikutane uso kwa uso.

Kutokana na mwelekeo huo, abiria walioketi upande wa kulia, yaani nyuma ya dereva, ndio wanaoiona bahari vizuri zaidi. Hii ni sababu mojawapo inayofanya makampuni mengi kuwataka abiria kubadilishana viti kila siku.

Matuta ya viazi

Jambo linalomgusa mgeni huko magharibi ni ukimya. Kuna mabonde mapana yenye kondoo wengi na nyumba chache, na kuta za mawe zinazopanda vilimani bila kuzunguka shamba lolote. Waliokuja kwa mapumziko huuona ukimya huo kuwa sehemu ya urembo. Lakini kama wahenga walivyosema, asiyejua maana haambiwi maana, na hapa ndipo kazi ya mwelekezi inapoanza.

Jua linapokuwa chini, kwenye miteremko mingi ya Kerry na Galway huonekana mistari iliyopangika chini ya nyasi. Hayo ni matuta ya zamani ya viazi, yaliyolimwa kwa mikono na watu ambao leo hawapo.

Mwaka wa 1845 ugonjwa wa ukungu wa viazi uliingia Ireland na kuangamiza sehemu ya mavuno. Mwaka uliofuata uliangamiza karibu mazao yote. Ni ugonjwa ule ule unaowatatiza wakulima wa viazi wa Nyandarua na Meru hadi leo, isipokuwa siku hizo hapakuwa na dawa ya kuuzuia.

Hata hivyo, ukungu pekee hautoshi kueleza maafa yaliyofuata. Sehemu kubwa ya ardhi ilimilikiwa na mabwanyenye, wengine wakiwa wanaishi Uingereza. Wapangaji walitumia nafaka na mifugo kulipia kodi ya mashamba, na chakula chao kikabaki kuwa viazi tu. Viazi vilipooza, nafaka iliendelea kusafirishwa ng'ambo huku waliokosa kodi wakifukuzwa na nyumba zao kubomolewa.

Serikali ya Uingereza, iliyotawala kisiwa chote wakati huo, ilianzisha kazi za umma ambapo wenye njaa walivunja mawe na kujenga barabara kwa ujira mdogo. Baadhi ya barabara na kuta ambazo watalii huzipiga picha leo zilijengwa na mikono hiyo.

Takriban watu milioni moja walifariki na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Sensa ya 1841 ilikuwa imehesabu zaidi ya watu milioni 8 katika kisiwa kizima. Leo, ukijumlisha Jamhuri na Ireland Kaskazini, idadi hiyo haijafikiwa tena. Katika sensa ya 2022, Jamhuri peke yake ilipita milioni 5 kwa mara ya kwanza tangu 1851.

Mji uliogombania jina

Njaa hiyo iliidhoofisha pia lugha asilia ya Kiairishi, kwani maeneo yaliyoathirika zaidi ndiyo yaliyokuwa na wazungumzaji wengi. Katiba ya 1937 inaitambua kuwa lugha rasmi ya kwanza, lakini sensa ya 2022 ilionyesha kuwa ni watu wapatao 72,000 tu wanaoizungumza kila siku nje ya masomo.

Mji wa Dingle, kituo kinachopendwa na watalii, umo katika eneo la wazungumzaji hao. Mwaka wa 2005 serikali iliamuru majina ya miji ya maeneo hayo yawe kwa Kiairishi pekee, na Dingle ikawa An Daingean. Wakazi walilalamika kwamba wageni wangepotea njia. Katika kura ya 2006, watu 1,005 dhidi ya 70 waliunga mkono jina la lugha mbili, na sheria ikabadilishwa mwaka wa 2011.

Kisa hicho kinaonyesha namna utalii unavyolisha mji na papo hapo kuutaka ujieleze kwa lugha ya mgeni.

Ziara nyingi hupita Cork na bandari yake ya Cobh kabla ya kurejea Dublin. Meli ya Titanic iling'oa nanga hapo Aprili 11, 1912, na hiyo ndiyo hadithi inayowavuta wengi. Lakini kati ya 1848 na 1950, watu wapatao milioni 2.5 waliondokea bandari hiyo kwenda kutafuta maisha. Mmoja wao alikuwa msichana Annie Moore, aliyekuwa wa kwanza kupokelewa katika kituo cha Ellis Island, New York, kilipofunguliwa Januari 1, 1892.

Kabla ya kulipia

Mkenya anahitaji viza ya Ireland. Nchi hiyo haimo katika mkataba wa Schengen, hivyo viza ya mataifa hayo haimruhusu mtu kuingia. Aidha, ziara inayovuka hadi Ireland Kaskazini humhitaji awe na viza ya Uingereza pia, hata kama mpakani hakuna kizuizi. Sarafu ya Jamhuri ni yuro, ilhali kaskazini ni pauni.

Miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo yenye mabasi mengi. Mwezi Juni jua huchwa karibu saa nne usiku. Mvua yaweza kunyesha siku yoyote, na koti la mvua ni muhimu kuliko mwavuli kwa sababu ya upepo.

Muhimu zaidi, mteja asichague ziara kwa wingi wa vituo vilivyoorodheshwa. Aulize basi linasimama kwa muda gani kila mahali, linabeba abiria wangapi, na ni nani atakayesimulia. Milima na bahari vinaweza kuonekana katika picha, lakini matuta yaliyo chini ya nyasi hayaonekani mpaka atokee wa kuyaonyesha.